Gumba lililolala kiganjani: uchambuzi wa kisa cha mtoto mwenye kichwa kikubwa kutoka Rungwe

Mtoto wa kiume wa wiki kumi aliletwa katika hospitali moja jijini Mbeya akitokea kijijini wilayani Rungwe, amepakatwa na bibi yake mzaa mama, huku mama yake akishika kadi ya kliniki na bahasha ya picha za ultrasaundi. Malalamiko yalikuwa yale ambayo muuguzi yeyote wa wodi ya watoto huku Nyanda za Juu Kusini ameyasikia: kichwa kinakua kuliko mwili. Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kufundishia na familia iliyomo haipo kwa jina, lakini dalili zilizomo ndizo ambazo madaktari wameziandika kuhusu hali hii kwa miongo mingi.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, ujauzito ukiwa umetimia, kwa sababu kichwa hakikuweza kupita. Alilia mara alipotolewa, alinyonya siku hiyo hiyo, na tangu azaliwe hakupata homa wala degedege. Siku ya kuletwa mzingo wa kichwa chake ulikuwa sentimita 46, ilhali mtoto wa kiume wa umri huo huwa na wastani wa sentimita 39 hadi 40. Utosi ulikuwa mpana na umetuna, mishipa ya damu ilionekana chini ya ngozi ya kichwa, na macho yalielekea chini kiasi kwamba weupe ulijitokeza juu ya mboni. Mgongo ulikaguliwa kuanzia shingoni hadi mwisho wa uti, na haukuwa na uvimbe, kishimo, kidonda wala kishungi cha nywele. Miguu ilikuwa na ukakamavu kidogo ilipokunjwa na kunyooshwa.

Hadi hapo hakukuwa na jambo geni. Kilichobadilisha mwelekeo wa uchunguzi ni mikono. Daktari alipoifungua ngumi ya kulia, vidole vinne vilinyooka vizuri, lakini gumba lilibaki limelala juu ya kiganja. Alilivuta nje kwa upole, nalo likatoka bila kiungo kukaza. Alipoliachia likarudi lilikokuwa. Mtoto alipolia na kutandaza vidole, gumba halikutandazika pamoja na vingine. Mkono wa kushoto ulikuwa vivyo hivyo. Ni kweli kwamba mtoto mchanga hufumbata gumba mara kwa mara katika miezi yake ya mwanzo, na anayeandika ugonjwa kwa sababu ya ngumi tu atakosea mara nyingi. Hata hivyo, gumba lisiloweza kabisa kujitoa lenyewe, katika mikono yote miwili, kwa mtoto mwenye maji kichwani, si jambo la kuandikwa pembeni mwa faili na kusahauliwa.

Bibi, ambaye hadi wakati huo alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa tu, aliyaona mapimo hayo ya mikono akasema: "Mwanangu daktari, hata wa kwangu wawili walikuwa na mikono hiyo hiyo." Binti yake alimtazama kwa mshangao, kwa kuwa hakuwahi kuelezwa habari hiyo kwa ukamilifu.

Maelezo ya ukoo yalichukuliwa upya, safari hii kwa upande wa mama. Bibi alizaa wavulana watatu na mabinti wawili. Wavulana wawili walizaliwa na vichwa vikubwa. Mmoja alifariki akiwa mchanga, mwingine kabla ya kutimiza mwaka. Wa tatu ni mzima na anaendesha bodaboda Tukuyu mjini. Binti mkubwa ndiye mama wa mtoto wetu, naye ni mwenye afya njema. Binti mdogo ameolewa Kyela, na ana mvulana wa miaka sita ambaye kichwa chake ni cha ukubwa wa kawaida, lakini anatembea kwa ncha za vidole huku magoti yamebanana, ana maneno machache mno kwa umri wake, na magumba yake yameingia ndani. Mvulana huyo aliandikiwa zamani kwamba amepooza kutokana na uzazi mgumu. Hakuna aliyewahi kumhusisha na wajomba zake waliofariki, na ni rahisi kuona sababu: wale walikuwa na vichwa vikubwa, huyu hana.

Ultrasaundi iliyopigwa kupitia utosi ilionyesha kwamba ventrikali, yaani vyumba vya maji ndani ya ubongo, mbili za pembeni na ile ya tatu zimepanuka sana, ilhali ya nne ilikuwa ya kawaida. Maana yake, maji yalikuwa yakikwama kwenye mfereji mwembamba unaoziunganisha ya tatu na ya nne ndani ya ubongo wa kati. Hakukuwa na utando wala uchafu ndani ya maji. Ile bamba nene ya nyuzi inayounganisha nusu mbili za ubongo, yaani korpasi kalosamu, haikuonekana.

Kwa nini halikuwa jambo la maambukizi

Katika Afrika Mashariki daktari mwenye busara huanza kwa kushuku maambukizi. Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyefanya kazi Mbale nchini Uganda, alichapisha mwaka 2005 uchambuzi wa watoto 300 wenye maji kichwani, na takribani asilimia 60 yao hali ilitokana na maambukizi ya ubongo, mengi yakiwa yametokea ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa hiyo mtoto akiletwa Mbeya na kichwa kikubwa, swali la kwanza ni kama aliugua homa au kupata degedege akiwa mchanga, na la pili ni kama ana mgongo wazi. Kwa mtoto huyu majibu yote mawili yalikuwa hapana, na tena kichwa kilikuwa kikubwa tangu tumboni. Maji yake yalikuwa safi, wakati maambukizi ya zamani mara nyingi huacha vyumba vilivyogawanywa na utando.

Mgongo wazi unastahili neno moja zaidi kwa kuwa familia iliuliza kama mama alikosa vidonge. Asidi ya foliki husaidia mfereji wa neva wa kiinitete, yaani bomba linalokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, kufunga, na kufunga huko hukamilika takribani siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Ni vidonge vya maana, hasa kwa wanaokula unga wa mashine ya mtaani usioongezwa virutubisho, lakini havina nafasi katika kisa hiki: mfereji wa neva wa mtoto huyu ulifunga salama, na kilichoharibika ni kazi iliyofuata baadaye.

Ramani ya ukoo ndiyo iliyobeba uzito mkubwa kuliko kipimo chochote. Wagonjwa wote ni wanaume. Wote wameunganishwa na wanawake wasio na dalili. Hakuna baba aliyempa mtoto wake wa kiume. Mpangilio huo ni wa jeni iliyo kwenye kromosomu ya X. Mwaka 1949 Bickers na Adams walieleza ukoo ambao wavulana walizaliwa na maji kichwani kwa sababu ya kuziba kwa mfereji uleule wa ubongo wa kati. Miaka 43 baadaye, mwaka 1992, Rosenthal, Jouet na Kenwrick walionyesha kwamba katika familia za aina hiyo kuna badiliko kwenye jeni ya protini iitwayo L1, iliyoko karibu na ncha ya mkono mrefu wa kromosomu ya X. Hali hii hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 30,000 wanaozaliwa. Kabla ya hapo magonjwa manne yalikuwa yakiandikwa kwa majina tofauti: maji kichwani ya wavulana, ulemavu wa akili pamoja na magumba yaliyofumbatwa, ukakamavu wa miguu wa kurithi, na kukosekana kwa korpasi kalosamu. Yote yaligeuka kuwa sura za jeni moja. Mvulana wa Kyela na wajomba zake waliofariki ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja, tofauti ikiwa ni kiasi tu.

Uzi wa neva unavyosafiri

Hapa ndipo kisa kinapotoka wodini na kuingia katika elimu ya kiinitete, na nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu bila sehemu hii mtu atabaki akiamini kwamba maji ndiyo ugonjwa wenyewe.

L1 ni mojawapo ya protini za kushikamanisha seli. Fritz Rathjen na Melitta Schachner waliieleza mwaka 1984, ikiwa imetanguliwa na protini ndugu, NCAM, iliyotoka katika maabara ya Gerald Edelman miaka ya 1970. L1 ya binadamu imejengwa kwa asidi amino 1,257. Sehemu yake kubwa iko nje ya seli: vipande sita vinavyofanana na vile vya kingamwili, vikifuatiwa na vipande vitano vya aina ya fibronektini, kisha protini inapenya utando wa seli mara moja tu, na mkia mfupi unabaki ndani. Vipande vinne vya mwanzo vimejikunja pamoja, na kupitia sehemu hiyo L1 ya seli moja hushikana na L1 ya seli jirani. Hushikana pia na protini nyingine, zikiwemo integrini na TAG-1.

Jina la kundi hili la protini limepotosha wanafunzi wengi, kwa maana wanaliona kama kundi la kushikilia tu, kana kwamba kazi yake inaisha seli zikiisha kubanana. Uzi wa neva hauhitaji kubanwa mahali; unahitaji kusafiri, na katika kipimo cha seli safari yake ni ndefu mno. Seli iliyo juu ya ubongo lazima ipeleke uzi mmoja kupitia shina la ubongo, uvuke kwenda upande wa pili, ushuke kwenye uti wa mgongo na kuifikia seli inayoamrisha mguu. Santiago Ramón y Cajal aliiona ncha ya uzi huo mwaka 1890 katika kiinitete cha kuku, akaiita koni ya ukuaji. Mwaka 1907 Ross Harrison aliweka kipande cha mfumo wa neva wa kiinitete cha chura ndani ya tone la limfu, akautazama uzi ukichomoza kwenye seli na kusonga mbele chini ya hadubini, na tangu hapo ubishi kuhusu mahali nyuzi zinakotoka ukaanza kwisha.

Ndani ya koni ya ukuaji kuna nyuzi ndogo za protini iitwayo aktini, zinazojengwa mbele na kurudi nyuma bila kukoma. Aktini peke yake haiipeleki koni popote. Aliyewahi kukwama na gari kwenye utelezi wa barabara ya Makete wakati wa masika analijua jambo hili: injini inanguruma, magurudumu yanazunguka, gari haliendi, mpaka tairi lipate pa kushika. L1 ndiyo inayoshika. Kwa nje hushikana na seli au tishu inayopitiwa; kwa ndani mkia wake huungana na aktini kupitia protini za kati, kama vile ankirini na shutini. Aktini inayorudi nyuma ikikamatwa hivyo, nguvu yake hugeuka kuwa mwendo wa mbele.

Lakini koni ikishika bila kuachia, itakwama vilevile. Kamiguchi na Lemmon walionyesha kwamba L1 iliyo nyuma ya koni humezwa ndani ya seli, husafirishwa ndani ya vifuko vidogo, na kurudishwa kwenye utando upande wa mbele. Kwa njia hiyo mshiko huwa imara mbele na dhaifu nyuma, na koni inasonga. Ninaona hili ndilo jambo linalofaa kufundishwa kwanza, kabla ya majina ya vipande vya protini, kwa sababu linaeleza jinsi badiliko dogo kwenye mkia wa ndani linavyoweza kumfanya mtu awe mgonjwa hata pale ambapo sehemu ya nje inashika vizuri.

Ushahidi kwamba kuachia kuna thamani sawa na kushika umetoka pia kwa NCAM. Wakati nyuzi zinazoelekea misuli ya mguu wa kifaranga zinapofika kwenye makutano, NCAM huwa imefunikwa na mnyororo mrefu wa sukari, asidi ya polisialiki, ambao hupunguza mshikamano kati ya uzi na uzi. Nyuzi zinalegeana, zinapangwa upya, na kila moja inaelekea msuli wake. Mwaka 1992 Tang, Landmesser na Rutishauser waliuondoa mnyororo huo kwa kimeng'enya. Nyuzi zikabaki zimeshikana kupita kiasi, na nyingine zikaenda kwenye misuli isiyo yao.

Kuvuka mstari wa katikati wa mwili ndiko kunakohitaji mabadiliko makubwa zaidi. Katika uti wa mgongo wa kiinitete cha panya, nyuzi zinazovuka huwa na TAG-1 juu yake zinapoelekea katikati. Zikishavuka na kugeuka kuelekea juu, hubadilisha vazi na kuonyesha L1. Mwaka 1995 Stoeckli na Landmesser walivuruga mshikamano wa aina hii katika kiinitete cha kuku, kati ya aksonini-1, ambayo ni TAG-1 ya ndege, na protini nyingine ya jamii ya L1 iliyoko katikati. Baadhi ya nyuzi zilikataa kuvuka, zikageuka upande zilikotokea. Kwa hiyo protini hizi hutoa nguvu ya kusonga na pia ni sehemu ya maamuzi ya wapi pa kugeuka.

Kwa mtoto wetu kiungo muhimu zaidi ni kile kilichoelezwa na Castellani na wenzake mwaka 2000. Koni ya ukuaji inatakiwa kukimbia ishara ya kufukuza iitwayo semaforini 3A. Pokezi ya ishara hiyo, nuropilini-1, inafanya kazi ikiwa imeungana na L1 kwenye utando huohuo. Nyuzi za gamba la ubongo la panya wasio na L1 hazikuitikia semaforini 3A hata kidogo. Katika panya hao, nyuzi zinazoshuka kutoka kwenye ubongo hufika vizuri kwenye shina la ubongo, lakini pale zinapotakiwa kuvuka kwenye piramidi, yaani matuta mawili ya sehemu ya chini ya shina hilo, nyingi hushindwa. Nyingine hubaki upande wao, na njia ya kwenye uti wa mgongo inakuwa pungufu. Wavulana waliofariki kwa ugonjwa huu na kufanyiwa uchunguzi wa maiti wamekutwa piramidi zao zikiwa ndogo mno au hazipo.

Kutoka panya kurudi kwa mtoto

Ukakamavu wa miguu ya mtoto, na mwendo wa ncha za vidole wa binamu yake wa Kyela, vinaelezeka hivyo. Binamu huyo hana shinikizo kichwani na hajawahi kuwa nalo, lakini anatembea kama mtu ambaye amri za ubongo zinafika zikiwa pungufu. Yeye ndiye ushahidi bora katika kisa kizima kwamba maji siyo chanzo cha ukakamavu. Kukosekana kwa korpasi kalosamu nako kuna maelezo yanayofanana, kwa kuwa hiyo ni njia nyingine ya nyuzi zinazotakiwa kuvuka katikati, na huanza kujengwa takribani wiki ya 11 au ya 12 na kuonekana ikiwa na umbo lake lote kufikia wiki ya 20. Kuhusu gumba, misuli inayolivuta nje huwa midogo na dhaifu, na hivyo misuli ya kulifumbata inashinda. Ndiyo maana gumba la mtoto lilitoka kwa urahisi lilipovutwa, na likarudi lilipoachiwa.

Maji yenyewe yana habari ya kushangaza. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mfereji wa ubongo wa kati huziba kwanza, kisha ventrikali zinapanuka. Katika panya wasio na L1 mfululizo huo umeonekana kinyume: mfereji huwa wazi mwanzoni, ventrikali zikipanuka ubongo hupindika, na mfereji hubanwa kutokana na kupindika huko. Panya wenye kasoro ileile pia hutofautiana kulingana na ukoo wao wa maabara, wengine wakipata maji mengi na wengine kidogo sana. Jambo hilo linafanana na ukoo wa bibi, ambamo badiliko moja limezaa mtoto aliyefariki akiwa mchanga na mwingine anayekwenda shule kwa miguu yake.

Zaidi ya mabadiliko 200 ya jeni hii yameelezwa, na familia nyingi zina la kwao peke yao. Mabadiliko yanayokatisha protini ikiwa bado nje ya seli, kiasi kwamba haishiki utandoni kabisa, huleta ugonjwa mkali na vifo vya mapema. Yale yanayobadili asidi amino moja tu, au yanayogusa mkia wa ndani, mara nyingi huleta ugonjwa mwepesi zaidi. Kipimo cha vinasaba hakikufanyika kwa mtoto huyu kwa kuwa gharama yake ilikuwa nje ya uwezo wa familia, na kwa maoni yangu kutofanyika kwake hakukuzuia uamuzi wowote wa matibabu. Kingehitajika kama binti mwingine wa ukoo angetaka kujua kwa hakika kama anabeba badiliko hilo.

Suala la ulanzi

Upande wa baba ulikuwa na maelezo yake. Shangazi wa mtoto alieleza kwamba wifi yake alionekana akinywa ulanzi, pombe ya mianzi, wakati wa msimu, akiwa mjamzito, alipokwenda kusalimia ndugu Njombe. Daktari kijana aliyekuwepo alitaka kulipuuza jambo hilo kama maneno ya mawifi. Asingepaswa. Mwaka 1996 Ramanathan, Charness na wenzao walichapisha kwamba pombe huzuia mshikamano wa seli unaotegemea L1 ya binadamu, kwa viwango ambavyo damu huvifikia baada ya kinywaji kimoja au viwili. Baadaye sehemu ambapo pombe hukaa ilitambuliwa kwenye maungio ya vile vipande vya mwanzo vilivyojikunja. Watoto walioathiriwa na pombe tumboni nao huweza kuwa na korpasi kalosamu pungufu. Kwa hiyo ulanzi, komoni na bia vinagusa protini ileile, na mjamzito hana kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama.

Hata hivyo, kusema kwamba ulanzi ungeweza kudhuru si sawa na kusema ndio uliodhuru hapa. Bibi na binti yake mdogo hawajawahi kunywa pombe kutokana na imani yao, na wote wawili wamezaa wavulana wenye dalili hizi. Pombe ya mama mmoja haielezi wagonjwa wanne katika vizazi viwili. Daktari alimjibu shangazi kwa heshima mbele ya wote: "Shangazi, umefanya vizuri kulisema, na mama ameshauriwa asinywe akiwa mjamzito. Ila ugonjwa huu ulikuwepo katika ukoo kabla yeye hajazaliwa." Jibu hilo lilimwondolea mama lawama bila kumwaibisha wifi yake, jambo ambalo katika ndoa zetu lina uzito wake.

Matibabu na maneno yaliyosemwa kwa familia

Mtoto aliwekewa mrija wa kutoa maji kichwani kwenda tumboni. Njia ya kutoboa sakafu ya ventrikali ya tatu kwa kamera, ambayo Warf aliiendeleza Mbale mwanzoni mwa miaka ya 2000 pamoja na kuunguza tishu inayotengeneza maji, ilijadiliwa. Hukumu ya madaktari wa upasuaji ilikuwa mrija, kutokana na umbo la ubongo lililoonekana. Kidonda kilipona, utosi ulilegea, na mzingo wa kichwa uliacha kuruka mistari ya kadi. Ultrasaundi ya baadaye ilionyesha ventrikali bado ni pana. Muuguzi mmoja alihofia kwamba mrija umeziba. Haukuwa umeziba: mtoto alinyonya vizuri, hakutapika, na macho yalikuwa yamerudi mahali pake. Ventrikali za watoto hawa mara nyingi hubaki kubwa kwa sababu sehemu ya nyuzi zilizotakiwa kujaza nafasi hiyo haikujengwa, na anayefuata ukubwa wa ventrikali pekee anaweza kumrudisha mtoto chumba cha upasuaji bila sababu.

Ugumu ulikuwa katika kueleza mrija utafanya nini na hautafanya nini. Familia nyingi hutoka hospitali zikiamini kwamba maji yakitoka akili itarudi, na miaka miwili baadaye huona zimedanganywa. Kwa hiyo mama aliambiwa waziwazi kwamba mrija unaondoa shinikizo ili lisiharibu kilichopo, unamsaidia mtoto kubeba kichwa chake na kuona, lakini haurudishi njia za nyuzi ambazo hazikupita mahali pake kabla ya nusu ya ujauzito. Aliambiwa kwamba mtoto huenda akachelewa sana kukaa na kuongea, kwamba miguu itahitaji mazoezi ya viungo mapema ili misuli isikaze, na kwamba magumba yatafungwa kwa kipande laini cha kuyashikilia nje nyakati za usiku. Alifundishwa pia dalili za mrija kuziba au kupata maambukizi: kutapika, kusinzia kupita kawaida, homa, utosi kutuna tena. Kwa dalili hizo asisubiri siku ya kliniki.

Kuhusu uzazi ujao, hesabu yake ni hii: mama anayebeba badiliko hili, akizaa mvulana, uwezekano wa mvulana huyo kuugua ni nusu, akizaa msichana, uwezekano wa msichana kulibeba ni nusu, naye kwa kawaida atakuwa hana dalili. Kwa kila ujauzito kabla jinsia haijajulikana, uwezekano wa kupata mvulana mgonjwa ni robo. Ultrasaundi ya wiki ya 20 inaweza kuonyesha ventrikali zilizopanuka, lakini zikiwa za kawaida wiki hiyo haimaanishi salama, kwani kwa baadhi ya watoto maji huongezeka baadaye. Kipimo kirudiwe. Na ikionekana kichwa kikubwa, kujifungua kupangwe mahali penye upasuaji.

Mjomba wa bodaboda aliuliza kama naye atazaa watoto wa namna hii. Yeye ni mzima, na mwanamume asiye na dalili hana badiliko hili. Watoto wake hawatalipata kutoka kwake. Swali lake liliwafungua wengine, kwa kuwa kaka zake baba wa mtoto walikuwa wameanza kumshauri atafute mke mwingine. Daktari hakuingilia uamuzi wa ndoa, ila alihakikisha kwamba baba mwenyewe amesikia hesabu nzima, ikiwemo sehemu inayosema kwamba mimba tatu katika kila nne hazitarajiwi kuwa na mvulana mgonjwa.

Mvulana wa Kyela aliitwa aletwe na mama yake. Alipimwa nyonga, magoti na vifundo, akaanzishiwa mazoezi na kutafutiwa viatu vya kumsaidia kukanyaga kisigino, na maandishi ya zamani kwenye faili lake yakapigwa mstari. Badala ya kupooza kutokana na uzazi mgumu yaliandikwa maneno haya: ugonjwa wa L1 kwa uwezekano mkubwa, kwa kigezo cha ukoo na dalili, mama yake ashauriwe kabla ya ujauzito mwingine, dada mdogo wa mvulana aelezwe akifikia umri wa kuelewa.